Aliyemfundisha Eddie Kutembea

Kovu ni ngozi tu. Ukilitazama utaona pamefunga, hapatoki damu wala usaha, nawe utaapa kwamba mwenyewe amepona. Lakini hebu muulize asubuhi ya baridi ya Julai, au siku mtu anapomgusa pale bila kubisha hodi. Ndiyo maana wazee walituusia kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Hawakutufumba macho. Ila binadamu naye ana mambo: ataikariri methali shuleni, aitungie insha na kupewa alama thelathini na nane kwa arobaini, kisha atoke nje aikanyage kama ganda la ndizi. Mwelu, ambaye kisa hiki ni chake, alikuwa amesoma kuliko wengi wetu.

Mwelu alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, Mkamba mzaliwa wa Makongeni kule Thika, aliyehamia Mwihoko kwa sababu nyumba za huko zilikuwa nafuu. Kazi yake ilikuwa michezo ya kuigiza. Yeye ndiye aliyeongoza kikundi cha Kurunzi, vijana kumi na wawili waliokutana katika ukumbi mmoja wa jamii mjini Ruiru. Mtindo wao haukuwa ule wa kutazama, kupiga makofi na kwenda zako. Mambo yalipofika penye ncha, pale ambapo mtu angepigwa au kuuawa, mtangazaji wao Gachau alipuliza filimbi, na waigizaji wote wakaganda palepale, mkono juu, mdomo wazi. Kisha aliwauliza watazamaji ni nani angeinuka. Mwenye ujasiri alipanda jukwaani, akaingia ndani ya mchezo na kutenda lile aliloona linafaa. Kanuni ilikuwa moja, na Gachau aliitangaza kila mara kabla ya kuanza: anayeinuka hubadilisha hadithi.

Mwaka huo Mwelu alitaka mchezo ambao ungewapeleka kwenye tamasha la Thika. Alikuwa amechoka na michezo ya pombe na mimba za mapema, ambayo watu waliitazama huku wakipiga miayo. Alitaka kuigiza habari ya umati unaoua mtu barabarani kwa kuitiwa mwizi, tena alitaka kisa cha kweli, chenye nyama na mifupa. Kisa hicho kilikuwa mlango wa pili kutoka kwake.

Mlango huo ulikuwa wa Warigia, mjane wa miaka sitini na miwili aliyeuza sukuma wiki mbele ya ploti, ule uwanja wa nyumba za kupanga walimoishi wote wawili. Watu wote walimwita Mama Githinji. Miaka kumi na sita iliyopita alimtuma mwanawe Githinji, kijana wa miaka kumi na tisa, apeleke mtungi wa gesi dukani ukajazwe. Njiani mtu mmoja alipaza sauti kwamba mtungi ule ulikuwa wa wizi. Mama alipofika, alikuta moshi. Baada ya miaka mitatu alisimama kanisani, akashika kipaza sauti na kutoa ushuhuda kwamba alikuwa amewasamehe waliomwulia mwanawe. Waumini walipiga makofi, wengine walilia, mchungaji akamwombea. Tangu siku hiyo Mwihoko nzima ilikata kauli kwamba Mama Githinji alikuwa amepoa. Alicheka na wateja, aliwatania wachuuzi wenzake, aliimba akikata mboga zake nyembamba kama uzi. Nani angedhani vingine?

Mwelu alimwendea jioni moja akiwa na maneno matamu aliyoyapanga tangu asubuhi. Alimweleza kwamba mchezo huo ungeokoa vijana wengine, kwamba jina lingebadilishwa, kwamba akikataa wangeelewa. Mama Githinji hakuacha kukata sukuma. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa kisu kwenye aproni, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jina msibadilishe. Na mkiigiza, igizeni sawasawa."

Mwelu alirudi kwake akirukaruka kwa furaha.

Habari ilimfikia Kui, bintiye Mama Githinji, mwalimu aliyekaa Kahawa Sukari na watoto wake wawili. Siku mbili hazikupita kabla hajabisha mlangoni kwa Mwelu. Hakukubali kuketi wala hakukubali chai. Alimwomba Mwelu aachane na hadithi ile, atafute nyingine, kwani visa havijaisha Kenya hii. Mwelu, aliyekuwa na diploma yake ukutani, akamweleza jinsi maigizo yanavyotibu majeraha ya moyo, na kwamba mama mwenyewe alikwisha kusamehe mbele ya kanisa zima. Kui alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango.

"Dada," akasema, "mama aliwasamehe watu. Hajawahi kusema amemwacha Githinji aende."

Mwelu alimsindikiza hadi langoni kwa heshima zote, akarudi ndani kuandika onyesho la kwanza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Aliyepewa nafasi ya Githinji ni Eddie, kijana mwembamba wa miaka ishirini aliyeishi na mama yake Githurai 45. Eddie hakuwa mwigizaji hodari. Alikuwa akipayuka maneno yake kama mtu anayenadi nguo sokoni, na Mwelu alikwisha kuanza kujuta. Kisha Mama Githinji akaanza kuja mazoezini. Wiki ya kwanza alikaa viti vya nyuma na mkoba wake mapajani. Wiki ya pili alisogea katikati. Wiki ya tatu aliinuka, akapanda jukwaani na kumshika Eddie bega la kushoto.

Alimwambia kwamba Githinji alitembea bega hili likiwa juu kidogo, kwa sababu alilivunja akiwa darasa la tano. Eddie alijaribu. Akamwambia si hivyo, arudie. Alirudia mara ishirini siku ile, kutoka pazia hadi pazia, na mama yule hakuchoka. Siku nyingine alimfundisha kucheka kwa pua, mdomo ukiwa umefungwa. Akamfundisha kujikuna shingo anapodanganya, kuvuta neno "Maitu" mwishoni anapomwita mama yake, na kuegemea mlango kwa mgongo anapoongea. Vijana wa Kurunzi waliacha kazi zao wakakaa kimya kutazama, kwa maana mtu mpya alikuwa anaumbwa mbele ya macho yao. Mwelu aliandika kila kitu kwenye simu. Aliona bahati imemwangukia mikononi.

Gachau peke yake ndiye ambaye hakufurahia. Alimvuta Mwelu kando akamwambia kwamba mathe yule alikuwa anamtisha. Mwelu alipomuuliza kwa nini, alishindwa kueleza vizuri. Alisema tu kwamba Eddie alikuwa akitembea vile hata akienda msalani. Tena Eddie mwenyewe alimwambia kwamba juzi nyumbani alisukuma kando sahani ya kabichi, mama yake akashangaa na kumuuliza tangu lini akakataa kabichi. Eddie hakujua. Alikuwa ameipenda kabichi maisha yake yote.

"Githinji hakula kabichi," Gachau akasema. "Niliuliza."

Mwelu alicheka, akasema huo ndio uigizaji wenyewe. Lakini alasiri ya Alhamisi alipopita mbele ya ploti aliwakuta Eddie na Mama Githinji wameketi nje. Eddie alikuwa chini, kichwa chake kikiwa katikati ya magoti ya mama yule, naye alikuwa akimnyoa taratibu kwa wembe na kuupangusa mara kwa mara. Mwelu alisalimu. Waliinua macho pamoja, wakamtazama namna watu wa nyumba moja wanavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Mwelu alivuta sweta lake, akajiambia ni baridi, akaenda zake.

Onyesho lilifanyika Jumapili saa tisa alasiri, baada ya makanisa kufunguka. Ukumbi ulijaa pomoni, wengine walisimama kando ya kuta, na waamuzi watatu wa tamasha walikaa mbele na karatasi zao. Mama Githinji aliwekewa kiti cha heshima, safu ya kwanza, katikati kabisa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mwelu alisimama karibu na mlango wa pembeni, mahali ambapo angeweza kuliona jukwaa na watazamaji pia. Alijua hajawahi kuandaa mchezo kama huu.

Mwanzoni watu walicheka. Eddie alitokea akiwa amebeba mtungi wa gesi begani, akacheka kwa pua, akamtania msichana wa dukani, na watu wa Mwihoko waliomfahamu Githinji wakaacha kucheka mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja aliitwa na mkewe, hakusikia. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia: mwizi. Umati wa jukwaani ukatokea pande zote mbili. Mawe yao yalikuwa ya sponji yaliyopakwa rangi, ila nyuma ya pazia kijana mmoja alikuwa na kipande cha mgomba, na kila rungu lilipoinuliwa jukwaani alikipiga kipande kile kwa mti. Ule mlio mzito wenye majimaji ulifika hadi safu za nyuma. Wanawake walifunika nyuso. Eddie alianguka, akainuka, akaanguka tena, huku akirudia kwamba ametumwa na mama yake, waende wamuulize mama yake.

Ndipo likatukia jambo ambalo Mwelu hakuliandika. Kijana mmoja katika safu za nyuma alipaza sauti, "Choma!" Huenda alitania. Wa pili akaitikia, wa tatu, kisha upande mzima wa kulia ukawa unapiga viti vya plastiki na kuitikia kwa pamoja, watu waliotoka kanisani muda mfupi tu uliopita. Mwelu alitaka kusimamisha mchezo, akamwita Gachau, sauti yake ikamezwa na kelele. Alimtazama Mama Githinji. Mama yule hakufunika uso wala hakulia. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akiyasema maneno ya umati pamoja nao, neno kwa neno, bila sauti, bila kukosea hata moja.

Tairi lilipovishwa shingoni mwa Eddie, Gachau alipuliza filimbi. Jukwaa likaganda. Gachau akauliza nani angeinuka.

Kijana mmoja wa chuo alipanda, akawaambia wapige simu polisi. Waigizaji, kama walivyofunzwa, walimzomea na kumsukuma hadi akashuka ameaibika. Gachau alipuliza tena, akauliza tena.

Mama Githinji alivua viatu vyake, akavipanga vizuri chini ya kiti, akapanda ngazi tatu za jukwaa. Kiongozi wa umati alikuwa kijana mwenye miraba minne ambaye kazi yake ilikuwa kumzuia kila anayepanda. Alipotazamwa na mama yule alipisha njia, na mpaka leo hawezi kusema kwa nini. Mama alipiga magoti. Hakuuambia umati neno. Alilitoa tairi taratibu shingoni mwa Eddie, namna mtoto anavyovuliwa sweta la shule, akamfuta vumbi usoni kwa kiganja.

"Twende nyumbani," akasema.

Eddie aliinuka. "Ndiyo, Maitu," akajibu, akilivuta neno lile mwishoni.

Walishuka wameshikana mikono, wakapita katikati ya watu, wakatoka kwa mlango mkubwa. Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele, hata wale waliokuwa wakiitikia "choma" walisimama kushangilia, na waamuzi wakaandika mbiombio. Mwelu alilia machozi ya furaha. Alingoja warudi wainamie watazamaji. Walingojewa dakika tano, wakangojewa kumi. Gachau alitoka nje kuwaita, akarudi peke yake. Simu ya Eddie ilikuwa ikilia ndani ya begi lake nyuma ya pazia, na aliyekuwa akipiga ni mama yake.

Sasa Mwelu aliogopa, na hakuficha kwamba ameogopa. Alimpigia Kui. Kui alisikiliza, akasema kwamba angekuja Mwihoko moja kwa moja, na Mwelu asiingie kwa mama kabla hajafika.

Walikutana langoni jua likiwa bado juu ya mapaa. Nyumba ya Mama Githinji ilikuwa na vyumba viwili. Walimkuta sebuleni, amekalia kigoda mbele ya mlango wa chumba cha ndani, beseni la sukuma miguuni pake na kisu mkononi, anakata. Mlango nyuma yake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Aliwakaribisha, akawaomba radhi kwamba chai ilikuwa imeisha. Kui hakukaa. Alikuwa akiutazama mlango ule kama mtu anayeona nyoka.

Kutoka ndani ya chumba mtu alicheka kwa pua.

Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyekumbuka jambo. Mwelu alikijua, alikisikia kikifundishwa. Lakini Kui alikuwa amekisikia utoto wake wote, akateremka ukutani mpaka akaketi sakafuni.

Mwelu alipiga moyo konde. "Mama Githinji, yule ni Eddie," akasema. "Mchezo umekwisha."

"Najua ni Eddie. Unadhani nimerukwa na akili?" Mama yule aliweka kisu ndani ya beseni. Uso wake ulikuwa mtulivu kuliko Mwelu alivyopata kuuona. "Siku ile nilifika nikakuta moshi. Sikumshika hata kidole. Ninyi mkanijengea mahali, mkanirudishia siku yenyewe, mkaniuliza nani atainuka. Mlisema anayeinuka hubadilisha hadithi. Nimeinuka. Nimeibadilisha. Mbona sasa mnataka nimrudishe kwao?"

Mwelu aliona aibu, aibu ya kweli iliyomchoma masikio. Alikuwa ameichukua siku mbaya kuliko zote katika maisha ya mama wa watu, akaitengenezea mlango wa kutokea, na hakuwahi kujiuliza mlango ule ungemtoa wapi.

Eddie aliongea kutoka ndani, taratibu, sauti yake mwenyewe ikirudi kwa taabu. Alisema hajaumizwa, amelishwa vizuri, hana haraka. Kisha akasema kwamba mama yake atakuwa akimtafuta Githurai, na atakuwa akilia.

Mwelu alimgeukia Kui amsaidie. Kui alitikisa kichwa pale sakafuni. "Mimi nilishamzika mara moja," akasema. "Wewe uliyemleta ndiye umtoe."

Basi ilimbidi. Alipiga magoti mbele ya kigoda, akanyoosha mkono, akaomba ufunguo. Alitumaini kwamba mama yule angekataa, angemfukuza, hata angempiga. Mama Githinji hakufanya lolote kati ya hayo. Aliutoa ufunguo kifuani, ukiwa bado na joto la mwili wake, akauweka katika kiganja cha Mwelu na kukifunga kwa vidole vyake.

"Wale wa kwanza sikuwahi kuyajua majina yao," akamwambia. "Wewe nakujua."

Mwelu alifungua. Eddie alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa vizuri, amevaa shati la mtindo wa zamani lililomkaa kama lililoshonwa kwa ajili yake. Alitoka bila kumtazama Mwelu. Alipofika mbele ya mama yule alisimama, akainama ashikwe kichwa. Alishikwa. Kisha akavuka kizingiti cha nje na kwenda zake kwa mama yake, bega la kushoto likiwa juu kidogo.

Alipopotea langoni, Mama Githinji alipiga ukemi. Hakikuwa kilio cha kumkumbuka marehemu. Kilikuwa kilio cha siku ya kwanza, cha mtu aliyeletewa habari sasa hivi, na aliliita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka, huku Kui amemkumbatia kwa nguvu na yeye akilia. Milango ya ploti ilifunguka, watu wakaja mbio, wengine wakiwa na mataulo, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Walikuwa watu walewale waliosema kwamba Mama Githinji amepoa. Walimkuta Mwelu amesimama mlangoni na ufunguo mkononi, wakamuuliza nani amekufa.

"Githinji," Mwelu akajibu.

Jirani mmoja alimwambia kwa upole kwamba Githinji alikufa zamani, miaka kumi na sita sasa. Mwelu hakumbishia. Jumatatu asubuhi waamuzi walimpigia simu kumpa hongera kwamba Kurunzi wamechaguliwa kwenda Thika, naye akawashukuru, akawaambia mchezo ule hautachezwa tena. Kisha akaenda akaketi kwenye mkeka kwa Mama Githinji pamoja na waombolezaji wengine, kwa kuwa matanga yalikuwa ndiyo kwanza yameanza. Hakika, mwenye kovu usidhani kapoa.